Fadhila ya siri na swali la nne: kisa kimoja cha ufundishaji chuoni

Kisa hiki ni cha kweli na mwalimu anayesimuliwa ni mimi. Herufi N. na D. hazitokani na majina ya wanafunzi wenyewe. Chuo, mwaka na baadhi ya tarakimu nimeviondoa au kuvibadilisha pale ambapo havigusi kiini cha jambo. Wote wawili walisoma rasimu. N. aliniomba nifute mambo mawili, nami nikayafuta.

Usuli

Somo lilikuwa Takwimu za Awali, la mwaka wa kwanza: wiki 14, mihadhara miwili na semina moja kila wiki, wanafunzi 62. Ni somo la lazima kwa programu tatu tofauti, kwa hiyo wengi hawakulichagua, na wapo walioingia siku ya kwanza wakiwa wameshajiambia kwamba wao na hesabu ni mbalimbali. Nilikuwa nimelifundisha mara nne kabla ya muhula huo. Nilijulikana kama mwalimu mkali lakini wa haki, na sifa hiyo niliipenda kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Haki niliielewa hivi: sheria moja kwa wote, isiyomuuliza mtu ametoka wapi. Mahudhurio alama 10, kazi sita alama 30, jaribio la katikati ya muhula alama 20, mtihani wa mwisho alama 40. Kazi ikichelewa hata kwa dakika moja, sifuri. Mfumo wa kupokea kazi ulijifunga wenyewe saa sita usiku na kuzipanga zilizochelewa kando, kwa hiyo sikulazimika hata kumtazama mtu usoni nikimkatalia. Slaidi niliziweka kwenye tovuti ya somo baada ya mhadhara, kwa hofu kwamba nikizitoa mapema watu hawataingia darasani. Kipaza sauti kilikuwepo ukumbini lakini sikukitumia, maana niliambiwa tangu ujana kwamba sauti yangu inafika. Na nilikuwa na mazoea ya kumnyooshea kidole mwanafunzi yeyote na kumtaka ajibu papo hapo. Niliamini hilo linawaweka macho.

N. alikaa safu za nyuma, mkimya, daftari lake safi. D. alikuwa mchelewaji wa semina ya saa mbili asubuhi, na mara nyingi akisinzia. Hayo ndiyo niliyoyajua kuwahusu mpaka wiki ya 3.

Yaliyotokea

*Wiki ya 3.* Niliandika ubaoni mapato ya watu saba, kisha nikabadilisha moja likawa kubwa mno. Huku bado nimeelekea ubao, nilimnyooshea N. kidole na kuuliza: kwa nini wastani umepanda lakini namba ya katikati haikusogea? N. alijibu, "Saba." Darasa likacheka. Nikasema, "Saba ni jibu zuri, ila la swali jingine." Darasa likacheka zaidi, na mimi nikaendelea na somo nikidhani nimelituliza jambo kwa ucheshi.

*Wiki ya 4.* N. hakuonekana kwenye mihadhara yote miwili. Kazi yake ya pili iliingia saa kumi na mbili asubuhi, saa sita baada ya mfumo kufungwa. Sifuri. Nilimwandikia: "Tafadhali fika ofisini kwangu Alhamisi saa tano tuzungumze kuhusu mwenendo wako." Hakujibu. Nikaandika tena, kwa maneno machache zaidi. Kimya.

*Wiki ya 5.* Mwalimu mwenzangu ninayeshiriki naye ofisi aliusoma ujumbe wangu na kuniambia, "Huu ni wito wa polisi." Nilikasirika kwa nusu siku, kisha nikaandika wa tatu:

"N., nimeona kazi ya pili ilichelewa na wiki jana hukuwepo. Sitafuti kukuadhibu. Nilifanya mzaha kwa jibu lako mbele ya wenzako na nilikosea, naomba radhi. Ukipenda tuzungumze, chagua mwenyewe: ofisini, kwa maandishi, au baada ya semina. Ukipenda tusizungumze, sawa pia."

Jibu lilikuja ndani ya saa moja, kwa maandishi, refu. Sikio lake la kulia halisikii tangu utotoni. La kushoto ni zima, kwa hiyo mahali patulivu hakuna anayegundua. Ukumbini mambo ni mengine: viti vinakwaruza, watu wananong'ona, na mwenye sikio moja hupata taabu kubwa kujua sauti imetokea upande gani na kuitenga na kelele nyingine. Mimi nikigeukia ubao, sauti inapungua na midomo inapotea. Siku ya "saba" alisikia "wa-ngapi" akadhani nimeuliza idadi ya watu.

Nilimuuliza kwa nini basi anakaa nyuma. Akaandika: "Nyuma nawaona wote, mwalimu. Wakiinama kuandika, najua umesema kitu cha maana." Kisha husubiri daftari la rafiki yake, na rafiki humaliza kazi yake kwanza, kama ilivyo haki yake. Hapo ndipo zilipotoka zile saa sita.

Ofisi ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu aliijua. Hakutaka kuikaribia. Shuleni mwalimu mmoja aliwahi kutangaza hali yake mbele ya darasa kwa nia njema kabisa. "Tangu siku ile sikuwa N. tena, nikawa sikio." Na mwisho: "Sitaki kupita kwa huruma."

*Wiki ya 6.* Nilifanya nilichodhani ni utu. Nilimpa N. saa 48 za ziada kwa kila kazi, nikairudishia alama ile kazi ya pili, nikawa namtumia slaidi siku moja kabla kwa anwani yake binafsi, na nikaacha kumnyooshea kidole. Yote yawe kati yetu. Nilirudi nyumbani nimejiridhisha mno.

*Wiki ya 7.* Jaribio la katikati ya muhula.

*Wiki ya 8.* D. alikuja ofisini. Alikuwa na sifuri mbili za kuchelewa na alikuwa amepoteza karibu nusu ya alama za mahudhurio. Katika mazungumzo ya kawaida ya kikundi, N. alikuwa ameteleza kusema kwamba yeye ana muda hadi Jumatano. D. aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, sheria ni moja au ni mbili?"

Nikajibu kwamba yapo mambo nisiyoweza kuyaeleza.

"Basi na mimi ninayo," akasema. Akaenda kuandika malalamiko kwa mkuu wa idara.

Mkuu wa idara hakunifokea. Aliniuliza nimetumia kigezo gani. Nikagundua kwamba nimejifungia chumbani na ufunguo nimeuacha nje: kigezo pekee nilichokuwa nacho kilikuwa siri ya N., na nisingeweza kujitetea bila kumvua nguo mtu niliyedai kumsitiri.

Wiki hiyohiyo nilimaliza kusahihisha jaribio. N. alipata 21 kati ya 50. Niliirudia karatasi yake mstari kwa mstari, nikakuta mambo mawili.

Swali la 2 lilidai mkengeuko sanifu wa sampuli, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ambapo jumla ya miraba ya tofauti hugawanywa kwa idadi kasoro moja. N. aligawanya kwa idadi nzima. Kosa lilelile lilikuwemo kwenye kazi yake ya tatu, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika pembeni, "Kazi nzuri, endelea hivyo!" na kumpa 4 kati ya 5. Aliendelea hivyo.

Swali la 4 lilikuwa na kosa la chapa: 18 mahali pa 13. Msimamizi aliligundua nusu saa baada ya jaribio kuanza akalitangaza kwa mdomo, mara moja, akiwa mlangoni. N. alifanya hesabu ndefu na sahihi kabisa, kwa 18.

Nilizirudia karatasi zote 62. Waliotumia 18 walikuwa watano. Mmoja alikaa karibu na dirisha lililokuwa wazi, mwingine alikuwa ametoka nje kwa ruhusa. Wawili wengine sijui mpaka leo kilichowapitia. Wanne kati ya hao watano hawakuwa na tatizo la kusikia ninalolijua, na hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuacha kuitetea siri. Nilimwambia mkuu wa idara kwamba nilitoa nafuu isiyokuwa wazi kwa wote, kwamba D. ana haki ya kulalamika, na kwamba ndani ya wiki moja nitaweka utaratibu mwingine. Kabla ya kulitangazia darasa jambo lolote nilimwandikia N. nikamwonyesha maneno nitakayoyatumia. Alibadilisha sentensi moja. Nilikuwa nimeandika "kwa wale wenye changamoto mbalimbali". Akapendekeza nisiseme ni kwa nani.

Kisha ukaja muda wa kukabidhi kazi. Kila mwanafunzi alipewa siku nne za akiba kwa muhula, za kutumia apendavyo, zisizozidi mbili kwa kazi moja, bila kueleza sababu. Kazi moja iliyo mbovu kuliko zote katika sita haihesabiwi, na hiyo ikafuta baadhi ya sifuri za nyuma. Nilifikiria kwanza kudai vyeti vya daktari na barua. Nikaacha, kwa kuwa utaratibu wa vyeti humgeuza mwalimu kuwa hakimu wa misiba ya watu, na anayejua kuandika barua nzuri ndiye anayeshinda. Kuondoa tarehe kabisa nako nilikukataa. Majibu ya kila kazi yalijadiliwa kwenye semina iliyofuata. Asiye na tarehe angekuja kwenye semina hiyo mikono mitupu.

Mhadhara wenyewe ulibadilika kwa mambo madogo. Slaidi siku moja kabla, kwa wote. Kipaza sauti. Nikiandika ubaoni sisemi, nikisema siandiki. Swali linaloulizwa na mwanafunzi nalirudia kwenye kipaza sauti kabla ya kulijibu. Namba yoyote ninayoitaja inaandikwa. Niliongeza pia video za mihadhara zenye manukuu yanayoandikwa na programu yenyewe, jambo lililoleta burudani isiyotarajiwa: "mkengeuko sanifu" ulitokea kwenye skrini kama "mke nguo safi".

Kidole nikakiweka mfukoni. Badala yake: swali kwenye slaidi, dakika mbili kila mtu aandike jibu, kisha awasomee wenzake wawili, kisha ndipo nisikilize. Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alionyesha, katika tafiti za madarasa ya sayansi alizozichapisha miaka ya 1970, kwamba kwa kawaida walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojitokeza kujibu huongezeka. Nililijua hilo kwa miaka. Kulijua na kuvumilia sekunde tatu za kimya mbele ya watu 62 ni mambo mawili.

Kuhusu swali la 4, niliiomba kamati ya mitihani ikubali majibu yote mawili, la 13 na la 18, kwa darasa zima. Ilikubali siku hiyohiyo. Tangu hapo marekebisho yoyote ya karatasi ya mtihani katika somo langu yanaandikwa ubaoni na msimamizi anapita safu kwa safu akionyesha.

La mwisho lilihusu usahihishaji, na lilinigharimu zaidi ya mengine. Nilirudia kusahihisha kazi ya tatu ya N. kama ambavyo ningemsahihisha mtu nisiyemjua, nikaandika: "Kugawanya kwa idadi nzima hapa ni kosa, na nililiona nikalipita. Nadai usahihi huu kwa kila mtu kwa sababu mtihani wa mwisho unajengwa juu yake. Hesabu zako za swali la 4 zinaonyesha unaweza kuufikia bila taabu." Alama ilishuka kutoka 4 hadi 2.

Nilimweleza pia jambo ambalo nilipaswa kumwambia siku ya kwanza. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inataka mwenye ulemavu aweze kufika hadi elimu ya juu bila kubaguliwa na afanyiwe marekebisho yanayofaa. Anachopewa kwa msingi huo hakitoki mfukoni mwa huruma ya mwalimu yeyote. Nikamwacha aamue mwenyewe.

Matokeo

N. alirudi darasani wiki ya 9 na akahama kutoka nyuma hadi safu ya tatu, upande wa kulia wa ukumbi, ambako sikio lake zima linanielekea. Sikumwambia ahame. Wiki ya 11 alijiandikisha mwenyewe kwenye ile ofisi, kwa sharti kwamba barua yake itaje mahitaji tu bila kutaja hali. Mtihani wa mwisho aliufanya akiwa na maelekezo yote kwa maandishi, akafaulu. Alama yake haikuwa ya juu sana, lakini ilikuwa yake.

Siku za akiba zilileta msongamano. Kazi ya tano na ya sita zilikusanyika wiki ya 13, maana karibu kila mtu alikuwa amezitunza siku zake kama mtu anayeweka mwavuli hadi mvua ya mwisho. Nilisahihisha siku nne mfululizo na maoni yangu ya siku ya nne yalikuwa mafupi na makavu. Waliochelewa zaidi, ambao labda ndio waliohitaji maelezo zaidi, walipata mabaki yangu.

Vikundi vilikuwa aibu. Wiki ya 9 niligawa darasa katika vikundi vya watu watano, vyote ndani ya ukumbi uleule, vyote vikizungumza kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimejua kwa wiki nne kwamba katikati yao yupo mtu asiyeweza kutenga sauti na kelele, na bado nilitengeneza kelele, nikaiita ujifunzaji shirikishi. Nililijua kosa hilo kupitia karatasi ndogo zisizo na majina nilizoanza kuzikusanya kila Ijumaa: "Vikundi vinanichosha kuliko mhadhara. Sisikii chochote." Watu watatu tofauti waliandika jambo la namna hiyo. Tukahamia vikundi vya watatu, vingine vikatoka kwenda vyumba vya jirani, na kila kikundi kikawa na mwandishi anayeandika mahali wote wanapoona.

D. alitumia siku zake zote nne ndani ya wiki mbili. Hakufanya mtihani wa mwisho. Aliahirisha somo wiki ya 12, na nililijua hilo kwa kuona mstari umepigwa juu ya jina lake kwenye orodha ya msajili.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa ile sheria ya sifuri wala ule mzaha, ingawa vyote viwili ni vibaya. Kosa kubwa lilikuwa wiki ya 6, siku niliyojihisi mwema kuliko siku zote. Nafuu niliyompa N. ilinitegemea mimi: hisia zangu, kumbukumbu yangu, kunyamaza kwangu. Ilimfanya adaiwe shukrani. Ilimwacha D. nje, pamoja na yeyote ambaye hakupata bahati ya kuandikiwa ujumbe wa tatu. Na haikuwa na ulinzi wowote, kwa sababu kuitetea ni kuifichua. Nafuu iliyojengwa ndani ya utaratibu wa somo haina udhaifu huo. Mwenye siku nne za akiba hahitaji kunipenda.

Lakini sitaki kulisukuma hilo mbali sana, kama wanavyofanya baadhi ya wenzangu wanaodhani utaratibu mzuri unatosha. Mwanafalsafa wa Kimarekani Nel Noddings, aliyeandika kuhusu maadili ya kujali tangu mwaka 1984, alishikilia kwamba kujali hakukamiliki mpaka anayejaliwa akupokee na kukutambua kuwa ni kujali. Jumbe zangu mbili za kwanza, kwa kipimo changu, zilikuwa za kujali. Kwa N. zilikuwa tishio. Hakuna siku za akiba wala kipaza sauti ambavyo vingenipa habari ya safu ya nyuma na vichwa vinavyoinama. Hiyo ilihitaji mtu amwandikie mtu, akianza na kosa lake mwenyewe. Ukiniuliza ni tendo gani moja lilizaa matunda mengi zaidi muhula ule, nitasema ni sentensi ya kuomba radhi katika ujumbe wa tatu, nami nisingeiandika kama mwenzangu asingenitania.

Maneno "Kazi nzuri, endelea hivyo!" ndiyo yanayoniumiza hadi leo. Niliyaandika baada ya kujua habari ya sikio, na nina hakika nisingeyaandika kabla. Nililiona kosa la kugawanya. Nilijiambia kwamba ana mzigo wa kutosha. Maana yake ni kwamba niliamua, bila kumuuliza, kwamba mtu huyu astahili kipimo chepesi, yaani nilimfanyia hasa kile alichoniomba nisimfanyie. Mwaka 1999 Geoffrey Cohen, Claude Steele na Lee Ross walichapisha utafiti kuhusu maoni ya walimu kwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani wanaotoka kwenye makundi yanayodhaniwa vibaya. Ukosoaji mtupu uliwapunguzia ari wanafunzi Weusi na kuwafanya wamshuku mkosoaji. Ukosoaji uleule ulipoambatana na mambo mawili, kwamba kipimo ni cha juu na kwamba msahihishaji anaamini mwanafunzi anaweza kukifikia, mambo yalibadilika sana. Sifa peke yake bila kuutaja uwezo wa kufikia kipimo haikutosha. Ulemavu wa kusikia si rangi ya ngozi, na sidai kwamba matokeo yale yanahamishika yalivyo. Ila N. alipopokea ile alama iliyoshuka aliniandikia mstari mmoja: "Sasa naamini zile nyingine."

Swali la 4 lilinifundisha kwa njia niliyostahili kama mwalimu wa takwimu. Kama nisingeirudia karatasi ya N., tangazo la mlangoni lingeonekana limefanya kazi: watu 57 kati ya 62 walilisikia. Wastani wa darasa usingetikisika. Watano wale wangeandikwa kuwa hawakuelewa mada. Ninatumia wiki nzima ya pili kila muhula kuwaeleza wanafunzi kwamba wastani huficha mtawanyiko, na nilikuwa nikiendesha darasa kwa wastani. Hapo ndipo ninapoona faida ya kumsikiliza mwanafunzi mmoja kwa makini: shida yake ilifichua hitilafu iliyowagusa wengine wanne ambao nisingewajua kamwe.

Hali kadhalika na vikundi. Uchambuzi mkubwa wa Scott Freeman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 na kujumuisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu katika vyuo, ulikuta kwamba wanafunzi wanaofundishwa kwa mhadhara mtupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya wale wanaoshirikishwa kwa vitendo. Naukubali. Niliusoma, nikaukimbilia, na sikuuliza ushirikishwaji huo utasikikaje kutoka kwenye kiti cha mtu fulani. Njia iliyo bora kwa wengi bado inahitaji kupimwa na yule ambaye itamwumiza, na njia rahisi ya kumpata ni karatasi isiyo na jina, ya mistari miwili, kila Ijumaa. Ningeianza wiki ya 1. Niliianza wiki ya 9 kwa sababu nilikuwa naogopa nitakachosoma.

Manukuu ya programu yalisaidia kidogo kuliko nilivyotarajia. Palipo na maneno ya kawaida yalikwenda vizuri. Kwenye istilahi, yaani mahali penye haja, yaliharibika. Niliyarekebisha kwa mkono kwa mihadhara sita, kisha nikashindwa. Slaidi za mapema zilifanya kazi kubwa zaidi kwa jasho dogo zaidi. Na ile hofu yangu kwamba zitawafukuza watu darasani haikutimia: mahudhurio yalibaki palepale.

Sasa D. Nimekawia kumfikia, kama nilivyokawia muhula ule.

N. aliteseka kwa adabu. Alikaa kimya, aliandika vizuri, na alinipa nafasi ya kuwa mwema. D. aliteseka kwa kusinzia, kwa kuchelewa na kwa swali lenye makali. Nilimhesabu mkorofi. Wote wawili walikuwa wamekosa kazi, wote wawili walikosa mahudhurio, na kwa mmoja niliandika jumbe tatu, kwa mwingine hata moja. Malalamiko yake ndiyo yaliyolibadilisha somo lote, siku za akiba zilitokana na swali lake, na bado sikumuuliza anafanya nini usiku. Tunaosema tunawajali wanafunzi tuna namna ya kuwachagua wanaojalika. Nadhani hilo ni jambo gumu zaidi katika kisa hiki, na sina utaratibu wa kulitibu.

Nilimwandikia baada ya muhula kwisha. Alijibu kwamba anafanya kazi zamu ya usiku inayoisha saa kumi na moja alfajiri, siku tano kwa wiki, na kwamba hakuwa na kinyongo. Kisha: "Siku za akiba zilinisaidia kwenye kazi, mwalimu. Hazikunisaidia kwenye usingizi."

Alama 10 za mahudhurio nimeziondoa. Zimekuwa alama za yale majibu mafupi ya maandishi, ambayo asiyekuwepo anaweza kuyafanya kutoka kwenye video ndani ya siku tatu. Semina ya saa mbili asubuhi haipo mikononi mwangu. Niliomba ihamishiwe alasiri, nikajibiwa kwamba hakuna chumba. D. amejiandikisha tena kwa muhula ujao. Nimepeleka ombi la pili, safari hii nikiwa nimeorodhesha vyumba vinne vilivyo vitupu saa kumi.